Leseni ya upelelezi binafsi California: hesabu saa zako kabla ya kulipa ada

Watu wengi wanaotaka kuwa wapelelezi binafsi California huanza kwa kuulizia ada na mtihani. Cha kwanza kuulizia ni saa. Sheria ya jimbo inadai saa 6,000 za kazi ya uchunguzi uliyolipwa, yaani miaka 3 yenye saa 2,000 kila mmoja, na ziwe zimetimia kabla hujatuma maombi. Aliyesomea sheria hadi shahada, au aliyemaliza miaka 4 ya masomo ya kipolisi, hupunguziwa hadi saa 4,000. Mwenye shahada ya miaka 2 ya masomo hayo, au ya sheria ya jinai, hudaiwa 5,000. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, 6,000 ni wiki 150. Ukiifanya kama kibarua cha pili, saa 20 kwa wiki, jiandae kwa karibu miaka 6. Kazi ya kujitolea haimo kwenye hesabu, hata kama ilikutoa jasho.

Si kila kazi inayofanana na upelelezi inakubalika. Zinazokubalika ni kama kazi ya polisi aliyeapishwa, polisi wa jeshi, mkadiriaji wa madai ya bima, mchunguzi wa moto katika zimamoto ya umma, mchunguzi wa ofisi ya mawakili wa utetezi wa umma, au mwajiriwa wa mpelelezi mwenye leseni. Kupeleka hati za mahakama hakuhesabiwi. Kupekua kumbukumbu za umma, kulinda mahabusu na kumdai mtu kwa simu au barua baada ya kujulikana alipo, navyo havihesabiwi. Hata gari la mkopo: kulitafuta lilikofichwa ni uchunguzi, lakini kwenda kulivuta wakati anwani tayari unayo ni ukusanyaji tu. Mpaka uko hapo kwenye kutafuta, na ndipo maombi mengi yanapokwama.

Njia iliyo wazi zaidi kwa mgeni katika fani ni kuajiriwa na mpelelezi mwenye leseni, maana mwajiriwa wake hahitaji leseni yake mwenyewe. Ukijifungulia biashara ya upelelezi kabla ya leseni, unatenda kosa, na wateja uliowahudumia watakuwa ushahidi dhidi yako.

Saa huthibitishwa na mwajiri kwa maandishi. Barua inayosema tu “alitufanyia uchunguzi kwa miaka mitatu” ni dhaifu. Inayosaidia hutaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jumla ya saa, na mgawanyo wake: kwa mfano, katika saa 2,000 za mwaka mmoja, 1,100 za kufuatilia watu, 600 za kuhoji mashahidi, 300 za kuandika ripoti. Huo mgawanyo hakuna bosi atakayeukumbuka baada ya miaka mitatu, kwa hiyo uandike mwenyewe kila Ijumaa na umpe ausaini kila robo mwaka. Tunza pia hati za mshahara na fomu za W-2, zile za kila mwaka ambazo mwajiri huonyesha mshahara na kodi uliyokatwa. Mwajiri akifariki au akikataa kuandika, sheria inaruhusu watu wengine walioijua kazi yako wakuandikie, ila usilifanye hilo kuwa mpango wa kwanza.

Wahamiaji wengi huanzia kwenye kadi ya ulinzi, yaani kibali cha kazi ya mlinzi, wakidhani ni ngazi ya kwanza ya upelelezi. Kadi hiyo na leseni ya upelelezi hutolewa na ofisi moja ya jimbo inayosimamia ulinzi na uchunguzi, BSIS, lakini saa za kukaa getini hazihamii upande wa pili. Kadi yenyewe ni rahisi: miaka 18, saa 8 za mafunzo ya mamlaka ya kukamata na matumizi sahihi ya nguvu, alama za vidole, kisha saa 32 zaidi ukiwa kazini, 16 kati yake ndani ya siku 30 za kwanza na zilizobaki ndani ya miezi 6. Baada ya hapo ni saa 8 kila mwaka. Bunduki ni kibali kingine kabisa.

Alama za vidole hupigwa kwa mfumo uitwao Live Scan, na hutumwa kwa Wizara ya Sheria ya jimbo na kwa FBI. Kila aina ya leseni ina fomu yake. Ukibeba fomu ya ulinzi kwa maombi ya upelelezi, utarudi na kulipa tena. Nakala utakayopewa ina namba ya ufuatiliaji, usiitupe. Waliofanya kazi za sabuni kali au saruji mara nyingi alama zao hukataliwa kwa kufifia, kwa hiyo paka mafuta mikononi siku kadhaa kabla, lakini si asubuhi ya kwenda.

Halafu majina. Mswahili mwenye jina lake, la baba na la babu huenda akawa na mpangilio mmoja kwenye pasi, mwingine kwenye leseni ya udereva na mwingine kwenye W-2. Chagua mmoja, urekebishe nyaraka zako, ndipo utume.

Mtihani ni wa saa 2, wa kuchagua majibu: sheria, utunzaji wa vielelezo, ufuatiliaji, dhima ya madai na ya jinai. Anayetoka jimbo jingine asiamini alichozoea huko. California, mazungumzo ya faragha hayarekodiwi bila ridhaa ya wote wanaozungumza, na kifaa cha GPS hakibandikwi kwenye gari bila ruhusa ya mwenye gari, hata kama mteja ni mke wake.