Usihesabu vyumba vya grafu, soma namba

Grafu ya maji yanayojaza tangi la lita 1,000 hapa Nkuhungu, Dodoma: mstari unakata mhimili wa y (lita) kwenye 200, kisha unapita dakika 20, lita 500. Mteremko (m) ni (500 − 200) ÷ (20 − 0) = 15, basi y = 15x + 200, x ikiwa dakika.

Wengi huhesabu vyumba: 3 juu, 4 kulia, wanapata 0.75. Kosa! Chumba kimoja wima ni lita 100, cha mlalo ni dakika 5. Chagua nukta mbili zilizoachana, zinazoangukia makutano ya mistari ya vyumba. Hakiki kwa ya tatu: dakika 40, lita 800. Na kama mhimili wa x hauanzii sifuri, usisome 200 pale pembeni. Itafute kwa y − mx, ukitumia nukta moja ya mstari.