Kuchonga mlingoti na foromali kwa nguzo ya Mufindi

Mteja wa pwani akipiga simu Mafinga husema tu, "Fundi, nataka nguzo ya jahazi." Usishike shoka bado.

1. Muulize nguzo ya kazi gani. Mlingoti husimama na kubeba uzito wote. Kwenye majahazi huinamia mbele kidogo, foromali ipate nafasi ya kuning'inia. Foromali ndiyo inayoshika tanga kwa juu. Hutwekwa kwa henza, yaani kamba ya kuipandishia, na mara nyingi huushinda mlingoti kwa urefu. Mlingoti wa galme ni ule mdogo wa tezi, yaani nyuma ya chombo, na mlingoti wa maji huchomoza omo, yaani mbele. Akitaka upondo wa kusukumia chombo kwenye maji haba, mpe mti mwembamba ulionyooka, mmalizane. Meli za Ulaya kama Cutty Sark ya 1869, yenye milingoti mitatu, hukingamisha foromali kadhaa kwenye kila mlingoti, ila oda hiyo sidhani kama itafika Mufindi.

2. Chagua mti katikati ya shamba. Iliyosongamana hugombea jua, hivyo hunyooka na matawi yake huwa madogo. Ya pembeni imejaa mafundo. Mistari ya gome ikizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, achana nao. Kwa foromali napendelea paina kwa wepesi wake, maana kuna watu watakaoivuta juu kwa mikono. Mkaratusi una nguvu, lakini ni mkorofi: hujipinda na kupasuka ukikauka.

3. Kausha polepole. Menya gome mapema, paka rangi miisho yote miwili, laza kivulini juu ya magogo, geuza mara kwa mara.

4. Chonga. Piga uzi toka mwisho hadi mwisho, kiini kikae katikati. Tezo itoe pande nne, kata kona zipatikane nane, kisha kumi na sita, ndipo ushike randa. Mlingoti uwe mnene chini. Foromali iwe nene pale henza inapofungwa, ncha ziwe nyembamba zipate kupinda upepo ukija ghafla. Ncha nene haipindi, na kitakachochanika ni tanga.

5. Foromali ndefu ifanye vipande viwili vinavyopishana, bapa kwa bapa. Watavifunga kamba hukohuko pwani. Dereva naye atakushukuru kwenye kona za Kitonga. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu iwe mkononi, la sivyo lori litalala getini. Pale vipande vinapokutana weka alama ya rangi, kwa sababu fundi wa Bagamoyo hakuwepo ulipokuwa unavipima.