Kabla ya kubeba mimba: mgongo wa mtoto haungoji kliniki

Hesabu yenyewe ni fupi. Mimba ikitungwa leo, siku ya 28 kuanzia leo msingi wa ubongo na mgongo wa mtoto utakuwa umeshafungwa, au umeshindwa kufungwa. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, hiyo ni wiki mbili tu baada ya kuona siku zake zimepita. Wengi wetu wakati huo bado tunajiambia ni uchovu wa palizi. Kliniki tunakwenda mwezi wa nne. Ndiyo maana mambo haya ni ya kabla, na mume naye ayasome, maana hela ya maharage na ya vidonge mara nyingi iko mfukoni kwake.

Nianze na kinachojengwa. Mfumo wa fahamu huanza kama utando bapa mgongoni mwa kiinitete, yaani mtoto akiwa bado mchanga kabisa tumboni. Kingo zake mbili hunyanyuka, zikaelekeana, zikagusana na kushikana kama kingo za sambusa zinavyobanwa, ukapatikana mrija. Ncha ya juu, ambayo ndiyo itakuwa ubongo, hufungwa siku ya 25 hivi. Ya chini, siku ya 27 au 28. Ya juu ikibaki wazi, ubongo haukui na mtoto haishi. Ya chini ikibaki wazi, huyo ndiye mtoto wa mgongo wazi, na mara nyingi huja na kichwa kikubwa kwa sababu maji ya ubongo hukosa njia ya kupita. Hakulogwa, wala mama yake hakuvunja mwiko.

Athari hutegemea mahali palipobaki wazi, na hapo ndipo mpangilio wa mfumo wenyewe unapoonekana. Ubongo hupokea habari na kutoa amri. Ugwe mgongo, uliopita ndani ya pingili za uti wa mgongo, huzisafirisha. Na kutoka kwenye ugwe huo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu kwenda mwilini. Jozi nyingine 12 hutoka kichwani moja kwa moja: za macho, uso, ulimi. Zile 31 zimegawana mwili kwa ngazi. Za shingoni huhudumia mikono, za kifuani huhudumia misuli ya mbavu na tumbo, za kiunoni mapaja na magoti, na za chini kabisa nyayo, kibofu na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo mtoto aliyeachwa wazi juu ya kiuno anaweza asitembee kabisa, na wa chini zaidi akatembea vizuri huku mkojo ukivuja, au ukibaki kibofuni mpaka figo zikaumia. Watu hutazama miguu. Mimi ningeuliza habari za kibofu kwanza.

Kinga kubwa tuliyo nayo ni foliki asidi, yaani vitamini B9. Chembe za mwili haziwezi kugawanyika upesi bila hiyo, na siku zile 28 ni za kugawanyika usiku na mchana. Kiasi cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. FEFO ya kliniki, kile kidonge cha madini ya chuma, ina foliki asidi pia na inasaidia damu, lakini kwa mrija huo inakuwa imechelewa. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii anahitaji dozi kubwa ya kuandikiwa na daktari. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 1991, uliofanyika katika nchi 7 kwa wanawake 1,817, ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku ziliikinga mimba iliyofuata kwa asilimia 72.

Sasa twende kwenye chungu cha kupikia. Hapa Dodoma tunajisifu kwa mlenda, na ni haki yetu. Lakini folati, yaani vitamini B9 hiyohiyo kama inavyopatikana kwenye chakula, iliyomo kwenye majani huharibiwa na mwanga na moto, na huyeyukia kwenye maji. Mlenda mbichi wa masika, uliopikwa kidogo na maji yake yakaliwa, si sawa na ule tuliouanika juani ili utuvushe kiangazi. Sikuambii uache wa kuanika. Nakuambia usiuhesabu kama kinga. Kiangazi egemea kunde, choroko, maharage na karanga. Unga nao: tangu 2011 viwanda vikubwa nchini vinatakiwa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Ule tunaosaga wenyewe kwenye mashine ya mtaani, uwe wa mtama, uwele au mahindi, haujaongezewa kitu.

Na mahindi yawe makavu, yasiyo na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa kwetu. Sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, imeonekana kwa wanyama wa maabara kuizuia folati isiingie kwenye chembe.

Dawa unazotumia zinahitaji mazungumzo na daktari miezi kadhaa kabla, hasa za kifafa. Valproeti huongeza hatari ya mgongo wazi. Usiiache mwenyewe, kwani degedege nayo huua. Nenda ubadilishiwe kwa utaratibu. Septrini hupingana na folati. SP ya malaria vilevile, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuanza kutolewa wiki ya 13. Jihadhari pia na kidonge cha foliki asidi cha miligramu 5 cha kujinunulia, maana hupunguza nguvu ya SP. Mwenye kisukari aishushe sukari kwanza. Pombe acha tangu unapoanza kutafuta mimba, hata kama ni mvinyo wa zabibu zetu.

Mimba ikishaingia, weka akiba ya ultrasound ya kati ya wiki ya 18 na 22, mgongo unapoonekana vizuri. Ikionyesha tatizo, panga kujifungulia hospitali ya rufaa. Usisubiri uchungu ukukute kijijini Kongwa au Bahi. Mtoto akizaliwa mgongo ukiwa wazi bila kutarajiwa, asilazwe chali. Mlaze kifudifudi au ubavu, funika kidonda kwa shashi safi iliyolowanishwa maji ya dripu ya chumvi, bila majani, mafuta wala unga wowote, mfunike apate joto, na safari ianze siku hiyohiyo, kwa sababu upasuaji wa kumfunga unatakiwa ufanyike ndani ya siku mbili au tatu za kwanza.