Jinsi ya kufuatilia ushahidi wa chanjo mpya za wajawazito na watoto

Usifuate vichwa vya habari, fuata namba ya usajili ya jaribio. Hapa natumia chanjo ya RSV, virusi vinavyobana vifua vya watoto wachanga, kwa kuwa imepitia karibu kila kona utakayokutana nayo.

1. Tafuta usajili. Anza na ClinicalTrials.gov, rejista ya Marekani ya majaribio ya tiba, kisha ICTRP ya Shirika la Afya Duniani (WHO), inayokusanya rejista nyingi, ikiwemo PACTR ya Afrika. Nakili namba ya jaribio kwenye jedwali lako. Jina halitegemeki: RSVpreF ya Pfizer iliingia sokoni ikiitwa Abrysvo.

2. Nakili malengo makuu kabla ya kusoma matokeo. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Jaribio la MATISSE la chanjo hiyo, lililochapishwa 2023, lilikuwa na malengo makuu mawili. La kwanza ni ugonjwa mkali wa mapafu unaotokana na RSV. Ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa waliugua watoto 6 upande wa chanjo na 33 upande wa plasebo (sindano isiyo na chanjo), katika makundi ya watoto kama 3,500 kila moja: ufanisi wa 81.8%. Namba hiyo ndiyo iliyosambaa. La pili, ugonjwa wa mapafu wa RSV uliomfikisha mtoto kwa mtoa huduma, uwe mkali au la, halikufikia kigezo kilichowekwa. Na ukisogea hadi siku 180, kinga dhidi ya ugonjwa mkali inashuka hadi 69.4%. Kwa hiyo kila asilimia iandikie pembeni idadi ya watoto na muda waliofuatiliwa.

3. Madhara yawe na safu mbili: mama na mtoto. Februari 2022 kampuni ya GSK ilisitisha jaribio la chanjo yake ya RSV kwa wajawazito. Watoto njiti walikuwa 6.8% kwenye kundi la chanjo, 4.9% kwenye plasebo. Katika MATISSE ilikuwa 5.7% dhidi ya 4.7%, tofauti ambayo haitoshi kuilaumu chanjo wala kuisafisha. Ongeza basi safu ya umri wa mimba. MATISSE iliandikisha wajawazito wa wiki 24 hadi 36. Marekani ikaidhinisha wiki 32 hadi 36 tu, Ulaya 24 hadi 36. Ushahidi ni uleule.

4. Tenganisha chanjo na kingamwili. Nirsevimab ni kingamwili, yaani kinga iliyokwisha tengenezwa, hudungwa mtoto mwenyewe na si chanjo, ingawa utafutaji wako utaileta kila mara. Ipe ukurasa wake.

5. Endelea baada ya idhini. Weka arifa ya PubMed, hifadhidata ya makala za kitabibu, kwa jina la chanjo pamoja na "pregnancy" na "preterm birth", kwa sababu makala nyingi ni za Kiingereza. Soma pia taarifa za SAGE, jopo la WHO la chanjo. Septemba 2024 ndilo lililopendekeza kinga ya RSV kwa watoto wachanga. Kila taarifa mpya iandikie tarehe, na ya zamani usiifute.