Starehe Ndogo za Nyumbani na Jinsi ya Kuzipata Ukiwa Ugenini

Anayejiandaa kwenda nchi ya mbali hujua mapema kwamba atawakumbuka watu wake. Asichokitarajia ni kukosa usingizi kwa sababu mto ni mnene mno, taa ndogo ya televisheni haizimiki, au soketi iko ukuta wa mbali na kitanda. Mwili umevizoea vitu hivi kiasi kwamba akili haivihesabu tena, ndiyo maana havimo kwenye orodha ya safari. Vingi vyake hurudishika kwa mzigo mdogo sana, mradi uvitambue kabla hujaondoka.

Wiki moja kabla ya safari, chagua siku ya kawaida isiyo na wageni wala shughuli, uandike kila kitu ambacho mkono unakifuata wenyewe, tangu unapoamka hadi unapolala. Andika na vipimo vyake: mto una unene gani ukiulalia, chumba kina giza kiasi gani, feni inavuma au kuko kimya, chaja iko umbali gani kutoka kitandani. Kisha pitia kimoja kimoja. Kuna vya kubeba, kuna vya kutengeneza ukifika, na kuna vya kuvisamehe. Wengi hukosea kwa kuanza na vya kubeba, sanduku likajaa vitu ambavyo taulo na vibanio vinne vingevifidia.

Anza na usingizi, maana ukiharibika huo hata mambo madogo yatakukera. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko mwingine, kana kwamba unalinda. Kwa hiyo usiku huo usiufanye kipimo cha chumba, na ukiweza, usipange kazi nzito asubuhi yake.

Beba foronya yako, mto uache. Foronya uliyoilalia usiku mmoja au miwili ni bora kuliko iliyotoka kufuliwa, kwa sababu harufu uliyoizoea ndiyo unayoitafuta. Ukilala ubavu, mto unatakiwa kuziba pengo lililopo kati ya sikio na ncha ya bega, shingo isipinde juu wala chini. Mto ukiwa mwembamba, kunja taulo la kuogea mara tatu, uliweke chini ya mto, ndani ya foronya. Likiwekwa juu, kingo zake hujikunja usiku na kuumiza sikio. Mto ukiwa mnene mno, uondoe kabisa, ulalie taulo mbili zilizokunjwa ndani ya foronya yako.

Giza linahitaji vibanio vinne vya nguo na kipande cha tepu nyeusi ya fundi umeme, sentimita 30 hivi, ulichokizungusha kwenye kalamu. Vibanio hufunga mwanya wa katikati ya mapazia. Tepu hufunika taa za televisheni na kiyoyozi, lakini usiibandike kamwe kwenye king'amuzi cha moshi, yaani kifaa kinachotoa onyo la moto.

Kelele zina dawa mbili. Ya kwanza ni vizibo vya masikio vya sifongo, ambavyo watu huvilaumu bure kwa sababu huvisukuma sikioni vikiwa vimefutuka. Nawa mikono, ukisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha uingize na kushikilia kwa kidole sekunde 30 mpaka kitanuke. Ukijitazama kwenye kioo kwa mbele ukakiona kimechomoza nusu nzima, hakijaingia, rudia. Ya pili ni kwa waliozoea mvumo wa feni. Rekodi feni yako mwenyewe kwa saa nzima, faili la megabaiti 60 hivi kwa ubora wa kawaida, ulichezeshe simu ikiwa haipokei mawasiliano. Rekodi ya dakika moja inayojirudia haifai, kwani sikio hukamata pale inapoungana.

Upande wa umeme, kosa moja linaweza kuunguza kifaa chako. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Volti hubaki zile zile za nchi uliyopo. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, na sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika 230 au karibu yake. Soma maandishi madogo mgongoni mwa kila kifaa. Yakisema 100–240V, 50/60Hz, adapta inatosha; chaja nyingi za simu na kompyuta ziko hivyo. Kikiwa cha volti moja tu, kama pasi, birika la umeme au mashine nyingi za kukaushia nywele, kiache nyumbani. Birika la volti 230 likichomekwa kwenye 120 hutoa kama robo tu ya nguvu yake, na maji yatachelewa sana kuchemka. La volti 120 kwenye 230 huvuta karibu mara nne ya nguvu liliyoundiwa, na litaungua.

Soketi ikiwa mbali na kitanda, beba waya wa soketi nyingi wa nyumbani wenye urefu wa mita mbili pamoja na adapta moja. Hapo vifaa vyako vyote vitachomekwa kama ulivyozoea. Utumie kwa chaja tu, usichomeke kinachopasha joto, kwa sababu adapta nyingi za safari hazihimili mzigo huo. Betri ya akiba ya simu haina budi kuingia nawe ndani ya ndege kwenye mzigo wa mkononi. Isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida haihitaji kibali; ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ina 74.

Maji nayo hubadilika. Ukiona sabuni haitoi povu na nywele zimekakamaa, umefika penye maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Madini hayo huungana na sabuni ya mche na kuacha utando mwilini, hivyo kuongeza sabuni ni kuongeza utando. Tumia sabuni ya maji ya kuogea isiyotokana na sabuni ya kawaida, na kwa nywele changanya kijiko kikubwa kimoja cha siki na nusu lita ya maji, umimine, usuuze. Kwenye maji laini hali hugeuka: unahisi sabuni haitoki. Punguza kiasi kwa nusu.

Aliyezoea kujisafisha kwa maji chooni abebe chupa laini ya plastiki ya mililita 400 hadi 500 yenye mdomo mwembamba. Ipite ukaguzi ikiwa tupu. Vimiminika vya mkononi kwenye viwanja vingi vya ndege haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa chombo.

Kuna pia uchovu wa kutosikia lugha yako siku nzima. Pakua vipindi vya redio vya lugha hiyo kabla ya kuondoka, usikilize ukiwa unafanya jambo jingine, kama ulivyozoea kwako. Simu za nyumbani zipangie saa maalumu, ila angalia nchi zinazosogeza saa zao mbele au nyuma kwa saa moja mara mbili kwa mwaka. Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika majuma hayo thibitisha upya saa ya simu na wa nyumbani, la sivyo mmoja wenu atasubiri saa nzima.