Coaster ya Jumamosi alfajiri: namna ya kuipeleka timu ya mtaa bonanza la Morogoro

Mwongozo huu ni wa timu ya marafiki 20 hadi 25 wanaotoka Dar es Salaam kwenda kucheza bonanza la siku mbili. Morogoro ni takriban kilomita 190 tu, na kwa kuwa ni karibu watu huidharau safari yenyewe.

Hatua ya 1: Orodha ya waliolipa

Jina liingie kwenye orodha fedha ikishaingia, si mtu anaposema "niweke". Jumlisha kodi ya gari, mafuta, posho na chumba cha dereva, ada ya ushiriki, malazi, maji, na akiba ya asilimia 10. Wakiahidi watu 24, gawa kwa 20. Mfano, jumla ikiwa shilingi 1,500,000, kila mmoja atoe 75,000 na ya kutolea juu yake. Ukigawa kwa 24, kila mtu atatoa 62,500. Wakikacha wanne, pengo ni 250,000, nalo hujulikana Ijumaa usiku mwenye gari akiwa anadai chake. Mwisho wa kulipa uwe Jumatano. Mweka hazina awe mmoja, na abandike orodha kwenye kundi kila jioni.

Hatua ya 2: Gari na dereva

Hapa usione haya kuuliza maswali mengi. Coaster nyingi za kukodi ni daladala zenye leseni ya njia za mjini. Ili itoke kwenda mkoani inahitaji kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Mwenye gari ndiye anayekiomba, lakini wewe ukione kwa macho kabla ya kumaliza malipo. Bila kibali, gari linaweza kuzuiwa njiani, na timu nzima ikabaki kando ya barabara na mabegi. Namba ya gari pia inakutosha kuhakiki bima kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, na deni la faini kwenye mfumo wa Polisi wa Usalama Barabarani.

Kisha inama uangalie matairi. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka sita likatae hata kama kashata (meno) zake bado ndefu, kwa sababu mpira hukauka na kupata nyufa kwa ndani. Upepo upimwe tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi linapozunguka, linapata joto, na gari likiwa limejaa ndipo linapopasuka. Hakikisha pia kuna tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili, kizima moto, na mkanda kwenye kila kiti.

Dereva aliyepiga ruti hadi saa 5 usiku hafai kushika usukani saa 11 alfajiri. Mkubaliane kwa maandishi kwamba Ijumaa gari linalala kuanzia saa 10 jioni. Morogoro apewe chumba chake chenye feni na chandarua. Kumlaza kwenye viti vya gari ni kuokoa hela ndogo kwa kuhatarisha roho zenu zote.

Mafuta yapigie hesabu ya kilomita 6 kwa lita: kwenda na kurudi 380, mizunguko ya mjini 60, jumla 440, sawa na lita 74 hivi. Jaza Dar, kwa kuwa bei ya bara huongezewa gharama ya usafirishaji. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo safari ya wiki hiyo ipigiwe hesabu upya.

Hatua ya 3: Mizigo

Jezi seti mbili za rangi tofauti, mipira miwili saizi 5, pampu na sindano yake, glavu za kipa. Daluga na vilinda ugoko kila mtu abebe vyake. Kama ni bonanza la veterani, kila mchezaji awe na kitambulisho cha NIDA, maana ubishi wa umri hauishi bila hicho.

Hatua ya 4: Barabarani

Usimfuate mtu nyumbani. Wa Mbagala, Tegeta na Kigamboni wajitahidi kufika vituoni: Ubungo saa 11:00, Kimara Mwisho 11:15, Mbezi Mwisho 11:30, Kibaha Maili Moja saa 12:00. Gari lisubiri dakika tano tu. Baada ya Kibaha barabara inabana na malori ya kwenda bara ni mengi. Mizani ya Vigwaza nayo ina foleni yake. Coaster mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Tochi za kupima mwendo zipo, na kosa moja ni faini ya 30,000. Chai inywewe Chalinze, na iwe nyepesi.

Tegemea kufika saa 3:30 asubuhi. Miguu iliyokunjwa kitini inahitaji saa moja na nusu kulegea, kwa hiyo kama mechi yenu ya kwanza ni saa 4, ondokeni Ijumaa mchana.

Hatua ya 5: Uwanjani

Hesabu lita 3 za maji kwa mtu. Watu 22 ni lita 66, yaani katoni nne za chupa 12 za lita moja na nusu. Pakiti moja ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) huchanganywa na lita moja kamili. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na tumbo linavurugika. Aliyeteguka awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Asichuliwe siku hiyo, maana kuchua huongeza uvimbe.

Hatua ya 6: Kurudi

Jumapili ondokeni kabla ya saa 8 mchana. Fainali ikichezwa jioni, laleni, mtoke Jumatatu saa 10 alfajiri. Wenye kazi asubuhi wakate mapema tiketi za treni ya SGR, inayobeba abiria kati ya Dar na Morogoro tangu 2024. Dereva asiguse pombe hata timu ikibeba kombe. Jumatatu jioni mweka hazina abandike mapato na matumizi pamoja na picha za risiti, na salio lirudi kwa waliolipa.