Ukanda wa tishu kwenye ukumbi wa shabaha

Kabla ya kufyatua risasi ya kwanza katika ukumbi wa ndani wa kulenga shabaha, simama kwenye mstari wa wapigaji, nyoosha mkono pembeni, mbali na mwili wako, kisha ning'iniza ukanda mwembamba wa tishu, kwanza usawa wa uso, halafu kifuani na magotini. Ukanda unapaswa kuegemea upande wa shabaha bila kusita. Ukining'inia wima, au ukikurudia, usipige siku hiyo. Kitako cha risasi nyingi kina baruti ya kuwashia yenye madini ya risasi (lugha yetu imeviita vyote viwili jina moja, na hapa haikukosea), na moshi wake ni chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu, kwa hiyo kinachokulinda ni hewa inayotoka nyuma yako na kuusukuma moshi mbele. Nchini Marekani, taasisi ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mwendo wa takriban mita 0.38 kwa sekunde, ambao ni upepo mdogo unaoweza usiusikie, ndiyo maana tishu inahitajika. Jaribio hili halifai pale hewa inapochujwa na kurudishwa ukumbini, kwa kuwa tishu itaegemea vizuri hata kama kichujio kimechakaa. Wala halisemi lolote kuhusu vumbi la madini ya risasi lililo sakafuni: ukimwona mtu akilifagia kwa ufagio mkavu, toka nje.